Vepu haiwaki, haichaji au haikai na chaji: angalia haya kabla hujailaumu betri

Malalamiko ya vepu (sigara za kielektroniki) ukiyasikiliza kwa muda utaona ni yale yale tu yanazunguka, haiwaki, haichaji, chaji imeisha kabla hata ya saa sita mchana, inablink (taa inawaka na kuzima), inachemka mkononi, na karibu kila mtu anamalizia hivyo hivyo, "betri imekufa." Mara nyingi haijafa bana. Mi nimeshasafisha na kuhangaika na za kutosha, zangu na za washkaji, na zile ambazo betri ilikuwa imekufa kweli ni chache kuliko zilizokuwa na uchafu, waya mbovu au koili (kile kiwaya kinachopasha juisi, yaani kimiminika cha vepu, mpaka kiwe mvuke) iliyochoka. Ila hizo chache ndo za kuogopa, maana betri ya lithiamu ikiharibika haikupi nafasi ya kujaribu jaribu. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, sababu inayotokea sana inatangulia, na pale unapotakiwa kuweka mikono chini nimesema wazi.

Kabla ya yote ujue umeshika nini. Kuna zile ndogo za podi (kichupa cha juisi kinachochomekwa juu ya betri) na za kalamu ambazo betri imo humo humo haitoki, nyingi zinacheza kati ya mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) 300 na 1500. Kuna mashine kubwa za betri za kutoa, huko ndo utakutana na 18650 (upana milimita 18, urefu 65) na 21700 (21 kwa 70). Halafu zile za kutumia ukatupa, nyingine zina tundu la chaji nyingine hazina, na isiyo na tundu haichajiwi, habari za kuifungua na kuunga nyaya ndani achana nazo. Zote hizo ndani ni lithiamu-ayoni. Seli moja (yaani betri moja moja) ikijaa inasoma volti 4.2, kawaida yake ni 3.6 au 3.7, na vepu nyingi zinagoma kufanya kazi seli ikishuka kwenye 3.2 hivi wakati unavuta. Hizo namba zishike, tutazihitaji mbele.

Haiwaki kabisa, kimya

Utacheka, ila sababu inayoongoza ni kwamba imefungwa. Mashine nyingi zenye kitufe zinafungwa na kufunguliwa kwa kubonyeza mara 5 haraka haraka, na ikiwa mfukoni kitufe kinajibonyeza chenyewe mpaka inajifunga, wewe unakuja kuitoa unaona imekufa. Bonyeza mara 5 bila kuchelewa katikati. Nyingine ni mara 3, kwa hiyo kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi usikitupe.

Ikigoma, ichomeke kwenye chaji nusu saa nzima na usiiguse. Betri iliyoshuka sana haikubali chaji kwa kasi, sakiti inaanza kuilisha kidogo kidogo, na dakika za mwanzo taa inaweza isionyeshe chochote. Watu wanachomeka dakika 2, wanachomoa, wanachomeka tena, wanahitimisha imekufa.

Baada ya hapo angalia mguso kati ya podi na betri. Toa podi, imulike kwa tochi ya simu chini pale kwenye zile pini mbili ndogo za rangi ya dhahabu, utaona kama jasho la kahawia limetanda, linanata ukiligusa, na mara nyingine kuna kinyuzi cha pamba kimelala juu yake. Hiyo ni juisi na mvuke ulioganda, na inatosha kabisa kuzuia umeme. Chukua pamba ya masikioni, idondoshee spiriti kidogo (idondoshee tu, usiichovye ikatota), futa pini za betri na za podi, acha ikauke dakika kama 10 ndo urudishe. Mikono nawa ukimaliza kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi, na hiyo pamba usiiache mezani kama kuna mtoto ndani ya nyumba.

Kwa zile za tanki (chombo cha juisi) la kufunga kwa kuzungusha, kuna pini ya katikati kwenye betri. Mtu akikaza tanki kwa nguvu kila siku, pini inasukumwa chini mpaka haigusi tena. Zima mashine, kama betri inatoka itoe, halafu inyanyue kidogo sana kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie pini ya chuma wala bisibisi. Na ukirudisha tanki, likishafika mwisho liache, hukazi nati ya gurudumu.

Kitufe kunata nako kupo, juisi ikivuja ikaingia pembeni ya kitufe inakuwa kama gundi. Futa kwa pamba ya spiriti huku imezimwa.

Mwisho kabisa, na hapa ndo betri inahusika kweli, ni ile iliyokaa miezi ikiwa tupu. Niliwahi kuwa na kalamu niliyoisahau kwenye droo ikiwa imeisha chaji, nimeirudia baada ya kama miezi 8 haikusema kitu, wala kwa nusu saa, wala kwa saa 3. Betri ya lithiamu hata isipotumika inavujisha chaji yenyewe polepole, ikishuka chini sana ya volti 2.5 na kukaa huko muda mrefu, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji kwa nguvu ile shaba inaweza kutengeneza shoti humo ndani kwa ndani. Ndo maana sakiti inaikataa, na iko sahihi. Usibusti. Kuna mafundi wanakamata betri nyingine au chaja ya waya uchi wanaigusisha mpaka iamke, na kweli inaamka, ila umeamsha kitu kinachoweza kushika moto wiki ijayo ukiwa umelala. Hiyo imeisha, nunua nyingine.

Ukichomeka haichaji

Anza na waya. Badilisha waya kabla ya kubadilisha mawazo. Waya nyingi zinakatika ndani pale shingoni, kwa nje ziko fresh.

Halafu kuna hili la taipu C ambalo limewafanya watu kutupa vepu nzima nzima. Vepu nyingi za bei ya chini zina tundu la taipu C lakini hazichaji kabisa ukitumia waya wenye taipu C kichwa na mkia. Waya wa namna hiyo hautoi umeme mpaka kifaa cha upande wa pili kijitambulishe, na kujitambulisha kunafanywa na rezista mbili ndogo ambazo baadhi ya watengenezaji hawaziweki ili kubana gharama. Kwa hiyo unachomeka kwenye chaja yako mpya ya simu, kimya. Chukua waya ule wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, uone kama haitawaka. Hapo hakuna cha kutengeneza, vepu iko hivyo tangu kiwandani.

Chaja yenyewe sasa. Vepu nyingi zinataka volti 5 na ampea 1, chache ampea 2, imeandikwa chini ya kifaa kwa maandishi ya kusomea miwani. Chaja za fasti za simu kwa kawaida zinaanza na volti 5 na hazipandi mpaka kifaa kiombe, kwa hiyo si kwamba zitaua papo hapo, ila mi vepu ndogo siipeleki huko, sakiti yake siiamini. Ukichomeka kwenye kompyuta inaenda polepole kwa sababu tundu la kawaida la zamani linatoa nusu ampea tu, betri ya mAh 1000 itachukua zaidi ya saa 2, hilo si tatizo, ni hesabu. Na zile kalamu zinazofungwa kwa kuzungusha kwenye kijichaja chake chenye mkia wa USB, hicho kijichaja usikiazime kwa kalamu nyingine hata kama kinaingia, maana chenyewe ndo kinachopima umeme wa kuingia kwenye betri na kila kimoja kimepimwa kwa ya kwake.

Uchafu kwenye tundu. Kuna moja nililetewa, waya unaingia nusu halafu unadondoka, mwenyewe ameshahama chaja 3. Nimezima, nimeingiza ncha ya kijiti cha meno pembeni pembeni, kikatoka kitu cha kijivu kama kipande cha mkeka, vumbi la mfukoni limeshindiliwa na waya siku hadi siku mpaka likawa gumu. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Ikachaji hapo hapo.

Kama tundu lenyewe linacheza cheza, yaani inachaji ukiinamisha waya kwa pembe fulani tu, tundu limeachia kwenye bodi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kuchomelea vizuri na anayekubali kushika kifaa chenye betri ndani, siyo kazi ya pasi ya risasi uliyoazima. Na usiendelee kuichaji kwa kuinamisha, mguso hafifu unatengeneza joto pale pale kwenye tundu na plastiki inaanza kuyeyuka. Ukiona tundu limebadilika rangi au linanuka plastiki, acha kuichaji siku hiyo hiyo.

Chaji inaisha haraka

Hapa ndo kelele zote zilipo, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni hesabu ambayo mtu hajaipiga.

Tuipige. Betri ya mAh 1000 kwa volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 3.7. Ukivuta kwa wati 15, gawanya, unapata kama dakika 15 za koili kuwaka mfululizo, ni sekunde kama 890. Pafu moja (kuvuta mara moja) ni sekunde 3 hivi, kwa hiyo mapafu kama 290, toa kinachopotea kwenye joto na sakiti, sema 250. Sasa panda wati 25 kwa betri ile ile: sekunde 530 tu, mapafu 170 na ushee, na ukitoa upotevu yanabaki 150. Betri haijabadilika chochote, umepandisha wewe. Kwa hiyo mtu anayeniambia "zamani ilikuwa inamaliza siku nzima" swali langu la kwanza ni juu ya wati, la pili ni juu ya koili, kwa sababu watu wanahamia koili ya omu (kipimo cha upinzani wa koili) ndogo, kwa mfano kutoka 1.2 kwenda 0.6, kwa kuwa moshi unakuwa mzito, na kwenye vifaa visivyokuwa na skrini kifaa chenyewe kinapandisha nguvu bila kukuuliza.

Sababu ya pili ni koili iliyozeeka. Ikishajaa masizi ya juisi tamu, ladha inapungua na moshi unapungua, na wewe bila kujijua unavuta kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi zaidi, sekunde 3 zinakuwa 5. Betri inalipa deni la koili. Badilisha koili kwanza, tumia siku 2, halafu ndo uje uhukumu betri.

Tatu ni tabia yenyewe ya kuvuta. Umehama nyumba, umebadilisha kazi, una stresi, unavuta mara mbili ya zamani, betri haina kosa. Hesabu hata kwa siku moja, mashine nyingi za skrini zina kihesabu mapafu.

Baridi nayo. Betri ikiwa ya baridi upinzani wake wa ndani unapanda, inaonekana imeisha wakati bado. Iweke mfuko wa ndani ipate joto la mwili, itarudi. Cha muhimu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, huko lithiamu inajipanga juu ya anodi (upande hasi wa ndani ya betri) badala ya kuingia ndani na uharibifu huo haurudi. Na mtu asikudanganye uweke betri kwenye friji.

Umri ndo unakuja baada ya hayo yote. Seli nyingi za aina hii zinahesabiwa mizunguko kati ya 300 na 500 kabla hazijashuka kwenye asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Mzunguko ni asilimia 100 nzima, siyo kila ukichomeka, ukijaza nusu leo na nusu kesho huo ni mzunguko mmoja. Mtu anayemaliza betri nzima kila siku, mwaka mmoja hivi ndo ataanza kuona tofauti, na huo siyo ugonjwa, ni uzee. Ukiona ghafla kutoka siku nzima hadi saa 2 ndani ya wiki moja, huo sasa siyo uzee, kuna kitu, hasa kama inapata joto ikiwa imetulia tu. Nenda kwenye sehemu ya joto huko chini.

Inaonyesha imejaa lakini moshi mwembamba, au inakata katikati

Ladha ya kuungua siyo betri, ni koili kavu au imeungua, au juisi imeisha. Moshi mwembamba bila kuungua: koili, au ile pini chafu niliyoisema.

Ikiwa skrini inasema nusu, unavuta inazima au inaandika betri dhaifu, halafu ukiiacha kidogo inarudi kusema nusu, hiyo ni betri inayozama ikibebeshwa mzigo. Ikiwa imepumzika inasoma 3.7, ukivuta inashuka ghafla hadi 3.1, kifaa kinakata. Ni kama mtu mgonjwa, akikaa anaonekana mzima, mpe ndoo ya maji apande nayo ngazi. Shusha wati, ikitulia endelea nayo kwa muda huku ukijipanga kununua nyingine. Kwenye betri za kutoa hiyo inakuambia aidha seli imechoka, aidha ulinunua seli isiyo na ampea za kutosha.

Inablink

Kila kampuni ina lugha yake kwa hiyo sitatoa kamusi. Kwa nyingi, kublink mara nyingi mfululizo (kama 10 hivi) ni chaji imeisha, kublink mara chache (kama 3) ni shoti au koili haijashika, na kublink ukivuta kwa zaidi ya sekunde 8 au 10 ni kifaa kinajilinda, siyo kosa. Toa podi, futa, rudisha. Ikiendelea weka podi nyingine. Ikitulia na podi nyingine basi tatizo ni podi, na hapo ndo utajua ulikuwa unakaribia kutupa betri nzima.

Inapata moto

Tofautisha vuguvugu na moto. Ukivuta mfululizo mapafu 10, au ikiwa kwenye chaji, kuwa vuguvugu ni kawaida. Kipimo changu ni kiganja: nikiweza kuishika imara bila kufikiria, sawa. Nikitaka kuiachia, siyo sawa.

Moto ukiwa unavuta: wati kubwa, koili ya omu ndogo kuliko kifaa kinavyokubali, au umevuta bila kupumzika. Ipumzishe dakika 10, shusha wati. Moto ukiwa inachaji: kwanza ichomoe, angalia chaja, usiichaji juu ya kitanda au chini ya mto, na usiichaji jua kali likiipiga. Kuvuta huku iko kwenye chaji baadhi zinaruhusu ila unaipa betri kazi mbili za joto kwa wakati mmoja, mi sifanyi.

Moto ikiwa haifanyi chochote, haivutwi, haichajiwi, imekaa tu mezani: hapo simama. Hakuna sababu nzuri ya betri iliyotulia kuwa na joto. Usiichaji tena, usiirudishe mfukoni.

Inajiwasha yenyewe

Unasikia inachemka bila kuvuta. Kwa zile za kuvuta bila kitufe, ni juisi au unyevu umeingia kwenye sensa ya upepo na sensa inadhani unavuta. Toa podi haraka, ukishaitoa hakuna koili ya kuwasha. Kung'uta kifaa kikiangalia chini kwenye tishu, acha saa kadhaa bila podi. Ikirudi kufanya hivyo mara ya pili imeisha, sensa haisafishiki kwa kuaminika. Kwa za kitufe, kitufe kimekwama: ifunge, toa betri kama inatoka, safisha. Za betri ya ndani ambayo kitufe kinajikwamisha hata baada ya kusafisha, usijitie ubishi, hizo nazo zimeisha.

Imevimba, inatoa sauti, inanuka, inafuka

Hapa hakuna kuchunguza. Ganda limepanuka, skrini imenyanyuka, harufu tamu kali kama ya rangi ya kucha, sauti ya kufoka kama soda inayofunguliwa, hizo ni dalili za seli inayoachia gesi. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiichaji "mara ya mwisho".

Iliyovimba tu lakini imepoa: izime, iweke kwenye chombo cha chuma au juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyoshika moto, uipeleke wanakopokea betri mbovu. Siyo kwenye pipa la taka, ikikandamizwa kwenye gari la taka ndo moto unapoanzia.

Inayofuka au kufoka: kama iko kwenye umeme zima swichi ya ukutani kwanza kama unaifikia salama, iache, toka, toa watu, ule moshi ni sumu na unashika moto. Kama ni moto mdogo na umeme umekatwa, maji mengi yanafaa kwa sababu yanapoza seli, na endelea kumwaga hata moto ukizima maana zinawaka tena. Ukiwa mkubwa kuliko ndoo yako piga simu zimamoto. Mtu akiungua, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka dakika 20, halafu hospitali, na waambie ni betri iliyomlipukia.

Sisemi kutishia. Wakala wa serikali ya Marekani wa mambo ya zimamoto (USFA) alikusanya matukio 195 ya vepu kulipuka au kushika moto kati ya 2009 na 2016, majeraha yalikuwa 133, na matukio 61 kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Mfukoni, siyo mdomoni.

Wenye betri za kutoa, haya ni ya kwenu

Toa betri uizungushe chini ya taa. Mwili wote wa 18650 ni hasi, kuanzia chini mpaka kwenye bega la juu, chanya ni kile kichwa cha katikati tu, na kinachovitenganisha ni kijipete chembamba na ile nailoni ya rangi iliyoivalishwa betri. Nailoni ikichanika pale begani hata kama mkwaruzo ni wa ukubwa wa punje ya ufuta, chuma cha mashine kikigusa hapo ni shoti moja kwa moja. Nailoni inabadilishika na kuna za kununua, unaivalisha na kuipasha joto kidogo inabana, ila seli yenyewe ikiwa na kibonyeo au kutu au imedondoka kwa kishindo, usivalishe nguo maiti.

Betri ya akiba haitembei mfukoni peke yake na funguo au sarafu. Kijiboksi cha plastiki, basi.

Ampea zinahesabika: gawanya wati kwa volti za betri ikiwa imeshuka. Wati 80 kwa seli moja yenye volti 3.5 ni ampea karibu 23, ukiwa na seli ya ampea 20 unaikamua kuliko ilivyoumbwa. Mashine ya seli 2 inagawana mzigo, kwa hiyo kila moja inabeba nusu. Na ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900 hiyo ni uongo wa mchana, nyingi za ukweli zinaishia karibu na 3500, na zile zinazotoa ampea nyingi zinakuwa na mAh pungufu, haviji vyote pamoja.

Mashine ya seli 2 inataka mapacha: zimenunuliwa pamoja, aina moja, zinachajiwa pamoja, zinazeeka pamoja. Mashine ikiandika kwamba betri hazilingani, kwanza safisha vichwa vyake na miguso ya mashine, zichaji kwenye chaja ya nje mpaka zijae, pima kila moja kwa mita ya volti. Zikitofautiana tena baada ya siku ya matumizi, jozi imevunjika, nunua jozi, usinunue moja.

Sasa uchaji lini

Ile ya "imalize kabisa ndo uchaji" ni ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu-ayoni ziliingia sokoni 1991 na hazina kumbukumbu ya namna hiyo, tena kuzimaliza kabisa ndo kunazizeesha. Ikifika asilimia 20 au 30, au taa ikiwa nyekundu, au kwa mita inasoma 3.4 au 3.5 ikiwa imepumzika, chomeka. Ukiichaji ikiwa nusu haina dhambi. Kuiacha kwenye 80 au 90 badala ya kuijaza pomoni kunaiongezea maisha, ila kwenye betri ndogo ya mAh 400 huo ni usumbufu mtupu, mi najaza na kuchomoa.

Chaji ukiwa macho. Ikijaa chomoa, betri ya mAh 1000 kwa ampea 1 ni kama saa moja na nusu, ile asilimia 20 ya mwisho inakwenda kwa kusuasua kwa makusudi, haijakwama. Ikizidi saa 4 na bado inasema inajaza, chomoa, badilisha waya na chaja, ikirudia hivyo seli haishiki tena.

Ikitoka kwenye gari lililochemka juani au kwenye baridi kali, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuichomeka. Ukijua hutaitumia mwezi mzima usiiache imejaa wala tupu, nusu ndo kwao, kama volti 3.7 au 3.8, mahali pakavu na poa, na kila miezi 3 uitazame. Mi kwenye betri zangu nabandika kipande cha selotepu na kuandika mwezi na mwaka niliozinunua kwa maka peni, nikisikia kichwani "hii si nilinunua juzi tu" naangalia selotepu, na mara nyingi juzi ni miaka 2.